Muuzaji Hajibu: Kumnadia au Kumwacha?

Kozi ya dijitali inayouzwa kupitia ClickBank inaweza kumlipa anayeinadi nusu ya bei, wakati mwingine hata robo tatu. Kwa kijana wa Mwanza au Nakuru mwenye simu, bando na grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili, hesabu hiyo inavutia. Hana stoo, hana mzigo wa kusafirisha, hana mtaji zaidi ya jina lake. Anapewa linki yake maalumu, anaisambaza, na kila anayenunua kupitia linki hiyo anamwachia kamisheni. Ndiyo biashara ya afilieti, na si ngeni: Amazon ilianzisha mpango wake wa washirika Julai 1996, na ClickBank yenyewe ikazaliwa 1998.

Tatizo huanza pale mnadi mwenye busara anapotaka kujua mawili matatu kabla ya kuanza. Anamwandikia muuzaji: kozi inafunguka kwenye simu ya kawaida? Mteja akishindwa kuingia, amtafute nani? Siku mbili zinapita, kisha wiki. Anaandika tena. Kimya. Wakati huohuo ukurasa wa mauzo uko hewani, kitufe cha kununua kinafanya kazi, na linki yake iko tayari kuhesabu wateja. Hakuna kinachomzuia kunadi isipokuwa hicho kimya.

Hapo wengi hujiambia kwamba kazi ya mnadi ni kuleta mteja tu, mengine atajua muuzaji. Huko ilikozaliwa biashara hii maneno hayo yana ukweli fulani. Mmarekani anayebofya linki ya Amazon kwenye tovuti ya mapishi hamjui mwenye tovuti wala hana haja ya kumjua. Sufuria ikija imepasuka, anairudisha Amazon. Afrika Mashariki mambo hayaendi hivyo. Linki nyingi hapa hupita kwenye status, kwenye grupu la kwaya, la chama, la waliomaliza sekondari pamoja. Mnunuzi hakumwamini muuzaji, ambaye pengine hata jina lake hawezi kulitamka. Alimwamini dada aliyeleta linki, na namba ya dada huyo anayo.

Kwa hiyo kimya cha muuzaji huhamia kwenye simu ya mnadi, saa nne usiku, kwa ujumbe ambao kila aliyewahi kuuza kitu mtandaoni anaujua: "Dada habari, nimelipia tangu jana sijatumiwa kitu." Baada ya robo saa inafuata alama ya kuuliza moja. Kisha mbili. Asubuhi picha ya muamala inatua kwenye grupu, watu mia mbili wote wakiiona, na anayetajwa si kampuni ya ng'ambo.

Dalali mzoefu wa vyumba jijini Dar es Salaam analijua jambo hili kwa vitendo. Hampeleki mpangaji kwenye nyumba ambayo mwenyewe hapokei simu, hata kama chumba ni kizuri na udalali wa kodi ya mwezi mmoja unamsubiri. Anajua mpangaji akikuta geti limefungwa, lawama haimwendei mwenye nyumba asiyeonekana. Inamwendea aliyeonyesha njia.

Kenya imeliona hilo kwa kiwango kikubwa. Copia, kampuni iliyoanza 2013 ikiwauzia bidhaa watu wa vijijini na wenye kipato kidogo, ilijengwa juu ya mawakala: mwenye kiduka, mwenye saluni, mtu ambaye majirani waliagiza vitu kupitia kwake naye akapata kamisheni. Mtindo huo ulienda kwa sababu jirani alimwamini jirani. Mei 2024 kampuni hiyo ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa muflisi. Wakurugenzi walikuwa mbali. Aliyebaki kijijini, akipishana na wateja wake kila siku njiani, ni wakala. Tanzania nayo iliona Jumia ikifunga duka lake la mtandaoni nchini Novemba 2019, na linki zilizokuwa zimetapakaa kwenye blogu na kurasa za Facebook zikabaki bila duka la kuzipokea. Hizo zilikuwa kampuni kubwa, zenye ofisi na watu wa kupokea simu. Kama hata hizo zinaweza kumwacha anayezinadi peke yake, muuzaji aliyeanza uhusiano kwa kutojibu anastahili kutazamwa kwa makini zaidi.

Hata hivyo, si kila kimya ni ubaya, na mnadi anayemhukumu muuzaji kwa siku tatu atakosa bidhaa nzuri. ClickBank ina makao yake Boise, jimbo la Idaho, na wauzaji wake wengi wako Marekani. Barua inayotumwa kutoka Arusha Jumatatu saa tatu asubuhi inafika huko kukiwa bado usiku wa Jumapili, saa tano au saa sita kulingana na msimu. Wauzaji wengi wa bidhaa za dijitali ni mtu mmoja na laptopu yake. Akiugua, kampuni nzima imeugua. Wiki ya mwisho ya Novemba Wamarekani wako kwenye sikukuu ya Shukrani na pilikapilika za Black Friday. Kwa anayenadi bidhaa za China, Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, hufunga viwanda kwa wiki nzima na zaidi. Na barua iliyojaa linki, kutoka kwa mtu asiyejulikana, mara nyingi huishia kwenye folda ya taka bila kuonwa na mtu.

Siku tano za kazi kwa barua ya kwanza ni haki. Baada ya hapo ukumbusho mmoja kwa njia nyingine, yaani fomu ya tovuti, ukurasa wa Facebook au dawati la jukwaa lenyewe, na siku tano nyingine. Zikipita zote hizo, kimya hicho ndilo jibu.

Lakini barua yenyewe iwe inajibika. "Nataka kunadi bidhaa yako, tushirikiane vipi?" ni swali ambalo muuzaji mwenye bidhaa inayotoka hupokea mara nyingi, na jibu lake tayari liko kwenye ukurasa wa washirika. Anaifuta. Barua yenye nafasi ya kujibiwa ni fupi, ina swali moja ambalo yeye peke yake analijua, na inaonyesha kwamba kuna wateja nyuma yake. Mfano wake ni huu:

"Habari. Nina wasomaji wapatao mia tatu nchini Tanzania, wengi wanatumia simu za Android za bei nafuu. Mteja wangu akilipa kisha masomo yasifunguke, aandike wapi, na kwa kawaida mnajibu ndani ya muda gani? Nikipata jibu nitaanza kunadi Jumatatu ijayo."

Muuzaji aliye hai, hata aliyezidiwa na kazi, ataona pesa kwenye barua hiyo. Asipoiona, mnadi amejifunza jambo la maana bila kupoteza senti.

Jaribio la pili linafanywa upande wa mteja. Mnadi anatuma swali akitumia namba au barua pepe yake nyingine, kupitia njia ile ile ambayo wanunuzi huelekezwa, bila kutaja kamisheni wala linki. Matokeo ya hapo yana uzito kuliko barua ya kwanza. Wapo wauzaji wanaowajibu wateja vizuri lakini hawana muda na wanadi wadogo. Hao wananadika, ilimradi mnadi akubali kwamba hatabembelezwa. Wapo wasiojibu upande wowote. Hao ni rahisi kuwaamulia. Hatari kubwa iko kwa kundi la tatu, wanaojibu kwa dakika tano mtu anapouliza bei na kupotea mara tu pesa ikiingia.

Kundi hilo haligunduliki kwa barua. Linagundulika kwa kununua. Mnadi alipe bei kamili kama mtu mwingine yeyote, na asipitie linki yake mwenyewe, maana programu nyingi zinakataza na Amazon imeliandika hilo wazi kwenye masharti yake. Akishapata bidhaa, aifungue kwa simu ya aina ile ile wanayotumia wateja wake, kwa bando la kawaida na si kwa waifai ya ofisini. Aulize swali la kweli kuhusu somo la tatu au la nne. Kama bidhaa haimfai, aombe kurudishiwa pesa kwa mujibu wa dhamana iliyoandikwa na ahesabu siku hadi pesa irudi. Gharama ya jaribio hili inaweza kula kamisheni ya mteja wa kwanza na wa pili. Ni gharama halali ya biashara, na asiye tayari kuitoa hana msingi wa kuwaambia watu mia mbili kwamba bidhaa ni nzuri.

Swali linalofuata ndilo linalotenganisha kimya kinachovumilika na kisichovumilika: pesa ya mteja inakaa kwa nani?

Kwenye ClickBank, jukwaa lenyewe ndilo linalouza kisheria. Jina lake ndilo linaloonekana kwenye taarifa ya kadi ya mnunuzi, na dhamana yake ya kawaida ni siku 60. Mteja aliyekwama anaweza kuomba pesa yake huko moja kwa moja, muuzaji atake asitake, na kamisheni ya mnadi inakatwa kwa mauzo yaliyorudishwa. Inauma, lakini ni haki, na inamaanisha kwamba kimya cha muuzaji hakimfungii mteja mlango. Amazon nayo ina utaratibu wake wa kurudisha mizigo. Bidhaa ikiwa chini ya mwavuli wa namna hiyo, mnadi anaweza kuvumilia muuzaji mzito wa kujibu, mradi amefanya majaribio yake na amewaambia wateja wake mapema mahali pa kwenda.

Kwenye majukwaa kama JVZoo na WarriorPlus hali ni tofauti. Pesa huelekea kwenye akaunti ya muuzaji, kamisheni ikigawanywa, na kurudisha pesa ni kazi ya muuzaji mwenyewe. Mnunuzi aliyelipa kwa PayPal ana siku 180 za kufungua shauri. Aliyelipa kwa kadi ya Visa au Mastercard anaweza kuiomba benki yake idai pesa kama bidhaa haikufika, kwa kawaida ndani ya siku 120. Ni njia ndefu, yenye fomu na kusubiri, ila ipo.

Kisha kuna muuzaji wa hapahapa anayepokea kwa Lipa Namba au kwa Till. Anauza kitabu cha ufugaji wa kuku, kozi ya Kiingereza, mafuta ya nywele, programu ya kutunza hesabu za duka. Mteja ametuma pesa kwa hiari yake, kwa namba sahihi, na hakuna jukwaa katikati lenye dhamana ya siku 60. Pesa ya simu haina mlango mpana wa kudai kama wa kadi. Hapo kimya cha muuzaji ni kila kitu. Anayenadi bidhaa ya mtu wa aina hiyo bila kuwahi kujibiwa amejifanya yeye mwenyewe kuwa huduma kwa wateja, kuwa dhamana na kuwa dawati la malalamiko, kwa malipo ya kamisheni tu.

Tofauti ya bidhaa nayo ina uzito wake. Kitabu cha PDF kinachopakuliwa papo hapo kimekamilika. Mnunuzi akishakipata, muuzaji akilala mwaka mzima hakuna kilichoharibika. Programu ya simu, huduma ya kuhifadhi tovuti, kozi yenye masomo mapya kila mwezi, mashine yenye waranti, hivyo vyote vinamhitaji muuzaji siku ya kwanza na siku ya mia tatu. Nywila inasahaulika. Toleo jipya la Android linatoka na programu inakataa kufunguka. Kwa bidhaa za aina hiyo asiyejibu leo asinadiwe, hata kama kamisheni yake ni kubwa kuliko zote sokoni.

Hesabu ndogo inasaidia kuona hatari ilipo. Tuseme kozi inauzwa shilingi 45,000 za Tanzania na kamisheni ni asilimia 40, yaani 18,000. Mnadi akiuza 20 anapata 360,000. Wanne kati yao wakikosa huduma na yeye, kwa kulinda jina lake, akawarudishia pesa yote kutoka mfukoni, amebaki na 180,000. Wakifika wanane, amefanya kazi ya bure. Sasa achukue blenda ya 90,000 yenye kamisheni ya asilimia 10. Akiuza 20 anapata 180,000, na wateja wawili tu wa kurudishiwa wanaimaliza yote. Kadiri kamisheni inavyokuwa ndogo, ndivyo mnadi asivyo na nafasi ya kubeba makosa ya mwingine. Wengi hufikiri kinyume chake, kwamba kamisheni kubwa ndiyo yenye hatari, na bidhaa ya asilimia tano inanadiwa bila kuulizwa swali lolote. Na kamisheni yenyewe haiji nzima: nchini Kenya, kwa mfano, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya dijitali, biashara ya afilieti ikiwemo.

Kuna upande mwingine wa kimya ambao wanadi wapya huukumbuka wakiwa wamechelewa: nani anamlipa mnadi? Amazon hulipa takriban siku 60 baada ya mwisho wa mwezi wa mauzo, na tarehe zinajulikana. Muuzaji anayeendesha mpango wake mwenyewe hulipa kwa mkono wake, mara nyingi baada ya kushikilia kamisheni kwa muda ili kwanza aone nani atarudisha bidhaa. Ikiwa mtu huyo hajibu swali la mnadi ambaye bado hajamdai chochote, hakuna sababu ya kuamini kwamba atajibu siku atakapodaiwa. Mtanzania ana swali la ziada la kuuliza, maana akaunti za PayPal za Tanzania kwa muda mrefu zimekuwa za kulipia, si za kupokelea. Njia ya malipo iulizwe na ijibiwe kwa maandishi kabla linki haijatoka.

Baada ya hayo kuna upelelezi mdogo usiohitaji jibu la mtu. Mabango na maandishi ya kunadia ambayo muuzaji amewawekea washirika wake yana tarehe; kama yanataja ofa ya miaka minne iliyopita, mwenye duka ameondoka na kuacha taa zinawaka. Duka la programu la Google linaonyesha programu ilisasishwa lini na kama mwenyewe huwajibu wanaolalamika. Jina la kampuni ya Tanzania linaweza kutafutwa BRELA mtandaoni, na la Kenya kupitia huduma ya usajili wa biashara kwenye eCitizen. Wanadi wengine waulizwe, hasa walioacha: anayeendelea kunadi ana sababu ya kusifu, lakini aliyeacha ataeleza kilichomkimbiza.

Ni vizuri pia kukumbuka kwamba majibu ya haraka si cheti cha uaminifu. MOBE, kampuni iliyouza mafunzo ya biashara ya mtandaoni, haikuwa na shida ya kimya. Mtu akishalipa kiingilio cha dola 49 alipigiwa simu na "makocha" waliomvuta kwenye madaraja ya maelfu ya dola. Juni 2018 tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, iliifikisha mahakamani ikidai kwamba watu walikuwa wamepoteza zaidi ya dola milioni 125. Mambo hayakuishia kwa wenye kampuni. Mwaka 2020 baadhi ya waliokuwa wakiinadi walikubali kulipa jumla ya zaidi ya dola milioni 4 ili kumaliza mashtaka yaliyowahusu wao kama wanadi. Utetezi wa "mimi nilileta mteja tu" haukuwafikisha mbali.

Fundisho la kesi hiyo linamgusa hata mnadi wa grupu la WhatsApp, kwa njia ambayo ni rahisi kupitiwa. Wauzaji huwapa washirika maandishi tayari ya kunakili, na humo mara nyingi kuna sentensi kama "huduma kwa wateja saa 24" au "pesa yako inarudi bila maswali". Mnadi akiibandika sentensi hiyo kwenye status yake, imekuwa kauli yake. Na kama ameshaandika barua mbili na hakujibiwa, anajua kwamba kauli hiyo si kweli. Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kuwapotosha walaji; Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012. Lakini hata bila sheria, kumwambia rafiki kwamba atasaidiwa saa yoyote na mtu ambaye hajawahi kukujibu ni kumdanganya, na hakuna kamisheni inayohalalisha hilo.

Kati ya kunadi kwa nguvu zote na kuacha kabisa kuna njia za katikati, na mara nyingi ndizo bora. Bidhaa ikiwa nzuri kweli na muuzaji mgumu kupatikana, inaweza kutajwa bila linki: "Nimeisoma, inafaa, ila muuzaji hajibu barua; anayeweza kujitegemea aitafute." Ni kauli inayojenga heshima kuliko tangazo lolote. Au linki itolewe kwa watu wachache wenye uzoefu, wenye kadi, wanaojua kudai haki yao, si kwa grupu zima. Au mnadi aamue kwa makusudi kuwa yeye ndiye huduma: atengeneze mwongozo mfupi wa Kiswahili wa jinsi ya kulipa na kufungua masomo, akae na wateja wake saa mbili kila Jumamosi, na ahesabu kama kamisheni inalipa saa hizo. Kwa kozi ya 45,000 inaweza kulipa. Kwa kifuniko cha simu hailipi.

Mara nyingi pia kuna mbadala. Ni nadra bidhaa ya dijitali kuwa pekee sokoni. Wauzaji wawili wenye kozi zinazofanana, mmoja akitoa asilimia 60 na hajibu, mwingine akitoa 30 na anajibu siku hiyohiyo: kwa mtu anayetaka kuwauzia watu walewale tena mwakani, wa pili ndiye mwenye faida. Kosa la wengi ni kulinganisha asilimia peke yake, kana kwamba mteja ananunua mara moja katika maisha yake.

Njia yoyote itakayochukuliwa, mnunuzi aambiwe kwamba kuna kamisheni. Marekani FTC inalidai hilo, na Amazon inawalazimisha washirika wake kulitangaza. Kwa Kiswahili sentensi moja inatosha: "Ukinunua kupitia linki hii nami napata kamisheni, bei yako haibadiliki." Iwekwe juu, karibu na linki, si chini ya alama za reli ishirini. Ile sehemu ya bei iandikwe tu kama imethibitishwa kuwa kweli. Na palepale iwekwe njia ya kudai: anwani ya kuomba msaada, idadi ya siku za dhamana, na ushauri wa kutunza namba ya muamala.

Ikiwa mnadi tayari ameshauza na muuzaji ndipo akanyamaza, wepesi ni muhimu kuliko maneno mazuri. Linki iondolewe siku hiyohiyo kila ilipo: status, wasifu wa Instagram, video ya zamani ya YouTube ambayo bado inaleta watu. Walionunua waandikiwe mmoja mmoja, si kwenye grupu, waambiwe ukweli na wapewe tarehe ya mwisho ya dhamana yao. Kama ni ClickBank, waelekezwe kwenye ukurasa wa oda wa ClickBank kabla siku 60 hazijaisha. Waliolipa kwa kadi waelezwe kwamba benki yao ina utaratibu wa kudai. Picha za skrini za barua zote, risiti na salio la kamisheni zitunzwe, kwa sababu akaunti ikifungwa havitapatikana tena. Mnadi anayewafikia wateja wake kabla wao hawajamfikia hukutana na hasira ndogo zaidi, na wengi wao watamsikiliza tena atakapoleta kitu kingine.

Wakati mwingine, baada ya mwezi mzima, barua inakuja: samahani, nilikuwa nahama, nilikuwa mgonjwa, barua yako iliangukia kwenye taka. Huenda ni kweli tupu, na mtu huyo hastahili kuadhibiwa kwa kuugua. Ila asirudishiwe imani yote kwa mkupuo. Aulizwe lile swali la kwanza upya, ambalo huenda bado hajalijibu, na aombwe jina na anwani ya mtu wa pili anayeweza kujibu yeye asipokuwepo. Linki ianze na wanunuzi watano au kumi wanaojua kwamba hili ni jaribio, na mmoja wao aombwe kuuliza swali la huduma wiki ya kwanza na mwingine wiki ya tatu, bila muuzaji kujua ni nani. Kamisheni ya kwanza ikishaingia kwenye akaunti, na maswali yote mawili yakiwa yamejibiwa, tangazo linaweza kurudi kwenye grupu kubwa, likiwa na anwani ya msaada ambayo mnadi ameiona kwa macho yake ikifanya kazi.